Kuwapeleka wageni kwenye kiwanda cha sake: kuanzia barua ya kwanza hadi chupa ndani ya sanduku

Mgeni anayetua Japani akiwa amelisikia tu jina la sake, pombe ya mchele ya Kijapani, huja na mambo mawili kichwani: kwamba ni kali kama gongo, na kwamba hunywewa ikiwa ya moto kwenye vikombe vidogo. Ziara ya muda wa saa tatu iliyopangwa vizuri inayafuta yote mawili. Iliyopangwa vibaya inamrudisha hotelini amelewa, na kwenye simu ana picha kumi za matangi ya chuma.

Haya yameandikwa kwa anayepanga: mwongoza watalii, kiongozi wa chama cha urafiki, au Mtanzania au Mkenya anayeishi Japani ambaye kila ndugu zake wakija huulizwa "leo twende wapi?". Mfano tutakaoutumia ni Saijo, katika mji wa Higashihiroshima mkoani Hiroshima, na kundi la watu 12. Kanuni ya kupanga ni moja: mgeni aelewe kwanza jinsi wali unavyogeuka sukari, glasi ifuate baadaye. Desemba 2024 UNESCO ilipoingiza pombe za koji (wali uliooteshwa ukungu) za Japani kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kilichoandikishwa ni ujuzi wa mikono, wala si chupa. Ziara nayo ifuate njia hiyo.

1. Chagua mji kabla ya kuchagua chapa

Tafuta mahali ambapo viwanda kadhaa vinafikika kwa miguu kutoka kituo cha treni. Hili si suala la mandhari. Sheria ya Japani humhesabu dereva kuwa amekunywa kuanzia miligramu 0.15 za pombe kwa lita ya pumzi, na humwadhibu pia aliyemnywesha pamoja na abiria aliyepanda huku akijua. Ukikodi gari dogo na dereva wake ni mmoja wa wageni, umeshaharibu ziara kabla haijaanza.

Saijo inafikika kwa treni ya JR kutoka Hiroshima kwa muda usiozidi dakika 40 hivi. Ukitoka kituoni unatembea dakika chache tu, tayari uko kati ya kuta nyeupe na mabomba ya moshi ya matofali mekundu yenye majina ya viwanda. Viko saba, na kadhaa vina kisima chenye bomba la nje ambapo mpita njia anaruhusiwa kuonja maji. Nada, kati ya Kobe na Nishinomiya, ina makumbusho makubwa yanayofaa kundi la watu 40, ila mgeni huko ataona sanamu za wafanyakazi kuliko wafanyakazi wenyewe. Fushimi ya Kyoto inamfaa aliye na nusu siku tu.

Anayetaka kuona namna mji mdogo unavyojitangaza na aisome Kashima, mkoani Saga. Mwaka 2011 sake ya Nabeshima, inayotengenezwa huko, ilishinda tuzo ya juu ya sake kwenye shindano la International Wine Challenge, London. Viwanda jirani havikukaa kumwonea wivu mwenzao. Viliungana, vikaanza kufungua milango kwa wakati mmoja ili mgeni mmoja apite kote. Ni somo zuri, kwa sababu chapa moja haiwezi kumsafirisha mtu kutoka Nairobi, lakini mtaa mzima unaweza.

Kuhusu majira, sake hupikwa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili. Januari na Februari ndiyo miezi ya mvuke na harufu, lakini pia ndiyo miezi wapishi wanapokosa usingizi, hivyo usitarajie kuona kila chumba. Novemba na Desemba sake mpya huanza kutoka, na mlangoni hutundikwa sugidama, tufe la matawi ya mwerezi likiwa bado kijani. Likigeuka kahawia, sake ile nayo imekomaa. Agosti utakuta matangi matupu. Tamasha la sake la Saijo, la kila Oktoba tangu 1990, ni sherehe nzuri ila ni mahali pabaya pa kujifunzia: umati ni mkubwa na hakuna mpishi atakayepata nafasi ya kukujibu.

2. Barua ya maombi

Iandike kwa Kijapani, wiki sita hadi nane kabla, kisha upige simu ukiona kimya. Viwanda vingi ni vya familia na anayejibu barua ndiye anayebandika lebo. Taja idadi kamili, tarehe tatu mbadala, saa mnayopendelea (saa nne na nusu asubuhi ni nzuri, kwa kuwa kazi ya kutoa wali kwenye mvuke kwa kawaida imeisha), muda mnaoomba, lugha za wageni na nani atakuwa mkalimani. Sema kwamba wote wamefikisha miaka 20. Umri wa utu uzima Japani ulishushwa hadi 18 mwaka 2022, lakini wa kunywa pombe ulibaki 20, na vijana wa chuo hunaswa hapo. Taja wangapi hawanywi. Uliza gharama, hata kama tovuti imesema ni bure.

Kosa linalofunga mlango kwa wanaokuja baadaye ni kuahidi watu 12 na kufika 7 bila kupiga simu. Kwa ajili yenu kuna mtu ametolewa kwenye kazi isiyosubiri.

3. Ujumbe kwa wageni siku moja kabla

Kwanza, asile natto, yaani maharage ya soya yaliyochachushwa ambayo hoteli nyingi huweka kwenye kifungua kinywa. Bakteria wake hujificha katika mbegu zinazostahimili joto. Wakiingia chumba cha koji huushinda ukungu, na koji hutoka ya kuteleza isiyofaa kitu. Baadhi ya viwanda hukataza pia maziwa ya mgando na matunda ya jamii ya chungwa asubuhi hiyo. Uliza.

Pili, harufu. Wageni wetu wa pwani, na wale wa Oman na Ghuba, hapa wanahitaji kuambiwa waziwazi na kwa upole: nguo zilizofukizwa udi, mafuta ya nywele na manukato vinafunika harufu ya ginjo, sake yenye harufu ya matunda, kwa meza nzima, si kwa mvaaji pekee. Afukize jioni wakisharudi.

Tatu, viatu vinavyovuliwa upesi, soksi safi, na koti zito hata ndani, kwani kiwanda hakipashwi joto wakati wa baridi. Halafu wapate kula kabla ya kuja. Tumbo tupu ndilo linaloharibu zaidi siku za namna hii kuliko kosa lolote la ratiba.

4. Ndani ya kiwanda: anza na mbege

Maelezo mengi ya sake huanza na jedwali la madaraja, na kufikia dakika ya tano wageni wanatazama dari. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki kuna mlango mfupi zaidi. Mchagga anapopika mbege hutumia ndizi na kimea cha ulezi. Anayepika busaa naye huweka kimea. Nafaka inayochipua hutoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, na bila sukari hamira haina chakula. Sasa uliza: mchele uliokobolewa utachipuaje? Hauwezi. Waache wakae na swali hilo kidogo, halafu toa koji.

Koji ni wali uliopikwa kwa mvuke ukaoteshwa ukungu uitwao *Aspergillus oryzae* kwa siku mbili hivi, katika chumba chenye joto la karibu nyuzi 30, huku wapishi wakiamka usiku kuugeuza. Kila mgeni apewe punje tano. Atafune polepole: mwanzo ni wali mkavu, kisha utamu unajitokeza ulimini, na harufu yake iko karibu na uyoga mbichi. Utamu ule ndio vimeng'enya vikiwa kazini. Hakuna slaidi inayofanya kazi hiyo.

Sasa yanayofuata yataeleweka. Mchele hukobolewa, huoshwa, hulowekwa kwa kupima dakika na sekunde, kisha hupikwa kwa mvuke kwa muda wa saa moja hivi. Hamira hukuzwa kwanza kwenye tangi dogo, wiki mbili kwa njia ya kisasa, karibu mwezi kwa njia ya kale iitwayo kimoto. Kisha wali, koji na maji huongezwa kwa awamu tatu ndani ya siku nne, ili hamira isizidiwe. Mchanganyiko huo, moromi, hukaa wiki tatu hadi tano kwenye ubaridi. Ndani ya tangi moja koji inatengeneza sukari na hamira inaila papo hapo. Ndiyo sababu sake hufika asilimia 18 hadi 20 ya pombe bila kuchemshwa na kukingwa mvuke kama gongo. Baadaye hukamuliwa, mara nyingi hupashwa nyuzi 65 hivi kuua vijidudu, na huongezwa maji hadi asilimia 15 au 16. Isiyoongezwa maji huitwa genshu, isiyopashwa huitwa nama.

Kwenye ukobozi kuna mtego wa mkalimani. Chupa ikiandikwa asilimia 40 maana yake ni kiasi kilichobaki, si kilichoondolewa. Asilimia 60 ya ule mchele imekuwa unga. Kiongozi akigeuza hesabu hii, mgeni atanunua chupa ya bei ndogo akidhani ndiyo ya juu. Beba vichupa vinne: mchele ambao haujakobolewa, wa asilimia 70, wa 60 na wa 40. Punje ya mwisho ni duara kama lulu, na mtu akiishika kiganjani anaelewa bei bila kuambiwa. Sababu ya kukoboa ni protini na mafuta ya ganda la nje, ambayo yakizidi huleta ladha nzito na kukwaruza. Ginjo lazima ifike 60 au chini yake, daiginjo 50 au chini, na honjozo 70 au chini. Neno junmai lina maana ya mchele, koji na maji tu, bila pombe ya kuongezwa.

Maji yaachiwe dakika kumi, na yaonjwe visimani, kabla ya sake. Maji ya Nada yana madini mengi yanayoisukuma hamira, wakati ya Hiroshima ni laini na zamani yaliwashinda wapishi. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Miura Senzaburo, mpishi wa sake wa Akitsu mkoani Hiroshima, alitoa njia ya kupika kwa maji laini, polepole na kwenye ubaridi, na ginjo ya leo ina deni kwake. Huko huko Akitsu yupo Imada Miho, toji mwanamke, yaani mkuu wa wapishi, katika kazi ambayo wanawake walizuiwa kwa muda mrefu hata kuingia jengo la kupikia. BBC ilimtaja kati ya wanawake 100 wa mwaka 2020.

Wageni kutoka Kenya watapenda kusikia kwamba Aprili 2014 waziri mkuu Abe alimkaribisha Barack Obama mkahawani Tokyo kwa sake ya Kamotsuru, kiwanda cha Saijo. Dakika moja inatosha kwa hilo.

5. Kuonja

Aina tano, mililita 30 kila moja. Hiyo ni mililita 150, karibu sawa na chupa moja ya bia ya nusu lita kwa kiasi cha pombe halisi. Chupa ya mililita 720 kwa hesabu inatoa vipimo 24, kwa mkono wa binadamu 22, kwa hiyo chupa moja ya kila aina inawatosha watu 12 na ya kurudia inabaki. Weka maji mezani, angalau mililita 200 kwa kila mtu, na chombo cha kutemea. Waambie kutema si dharau, maana waamuzi wa mashindano hutema siku nzima.

Kama kiwanda kitakubali, omba kikombe cheupe chenye miduara miwili ya buluu chini. Buluu inaonyesha ung'avu, nyeupe inaonyesha rangi. Mgeni akijua hilo ataacha kukiona kama pambo.

Mpangilio: daiginjo au ginjo kwenye nyuzi 10, kisha honjozo, kisha junmai, kisha kimoto au yamahai (nayo ni ya njia ya kale), na mwisho nigori yenye weupe wa machicha au sake iliyozeeshwa. Ukianza na genshu ya asilimia 18, ulimi utalala na zote zinazofuata zitaonekana maji. Ginjo yenye ubaridi wa nyuzi 3 haina harufu. Itoe kwenye friji dakika 10 kabla.

Junmai imimine mara mbili: kwanza ikiwa baridi, kisha nyuzi 45. Kupasha ni rahisi ila huharibiwa kila siku. Chemsha maji, zima moto, tumbukiza chupa ya udongo yenye mililita 180 hadi shingoni, dakika mbili na nusu hadi tatu, tumia kipimajoto. Maji yakiwa bado yanatokota pombe inaruka na harufu inachoma pua, na mikrowevu huacha juu pamoto na chini pabaridi. Kati ya yote ya siku hiyo, tukio hili la chupa moja yenye nyuso mbili ndilo wageni huwasimulia wenzao.

Sasa lugha, maana Kiswahili kina mitego yake hapa. Mgeni akisema "tamu!", mkalimani asikimbilie kusema *amai*, yaani tamu ya sukari. Anaweza kuwa anasifu tu. Muulize: tamu ya sukari, au tamu ya kupendeza? Vilevile *karakuchi* ukiitafsiri "kali", mgeni ataweka kikombe chini akidhani ni spiriti. Sema "isiyo na sukari" au "kavu". *Umami* mwelekeze kwenye supu ya mifupa au mchuzi wa dagaa, naye ataitikia kwa kichwa mara moja. Kwa harufu za ginjo tunazo ndizi mbivu, nanasi, tofaa na tikiti, na hiyo ya ndizi si mfano wa kishairi, kwani kemikali inayoitoa ndiyo ile ile iliyomo kwenye tunda.

Tahadhari moja ya jina: kwa Kijapani "sake" ni pombe yoyote, na ukiagiza hivyo Kagoshima unaweza kuletewa shochu, ambayo ni ya kukingwa mvuke. Sema *nihonshu*.

Kumimina hufanywa kwa mikono miwili, kwa jirani, si kwa nafsi yako. Aliyezoea kata ya mbege ikizunguka kwa zamu hahitaji kufundishwa adabu hii. Mwombe yeye awaeleze wenyeji ya kwao, nani hunywa kwanza na kwa nini. Wapishi huuliza maswali mengi hapo, hasa kuhusu kimea, na mazungumzo yanaacha kuwa ya upande mmoja. Zawadi ya kahawa ya Kilimanjaro ni salama, kwa kuwa Wajapani wanalijua jina hilo vizuri.

Kama mnaandaa vyakula, korosho za kukaanga zinakubaliana na junmai ya moto, pweza wa nazi na nigori. Ndimu na achari ziweke mbali na ginjo.

6. Wasiokunywa

Mwislamu asiulizwe mbele ya watu. Mwambie mapema kutakuwa na nini, aamue mwenyewe kama ataingia, ataishia kwenye kisima na koji, au atangoja nje. Kinachompendeza mwenyeji ni kumpa amazake, kinywaji kitamu cha mchele, na hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu ziko mbili. Ya koji na wali haina pombe. Ya machicha ya sake inayo, hata ikichemshwa. Kikombe kinafanana, neno ni lile lile. Uliza: "Ni ya koji au ya *sakekasu*?" Na chakula cha mchana uliza vilevile: chungu cha Saijo kiitwacho bishu nabe hupikwa kwa sake, mara nyingi na nyama ya nguruwe ndani.

Amazake ya koji ndiyo kitu rahisi kupeleka nyumbani. Changanya gramu 300 za wali na mililita 400 za maji, acha ipoe hadi nyuzi 60, tia gramu 200 za koji, koroga, funika kwenye chupa ya chai isiyopoteza joto, na ushikilie nyuzi 55 hadi 60 kwa saa nane. Ikizidi 70 vimeng'enya hufa na uji unabaki uji. Ikishuka chini ya 50 kwa muda mrefu huchachuka. Koji kavu husafiri vizuri, ila angalia masharti ya nchi yako ya kuingiza nafaka.

7. Dukani na njiani

Tangu Oktoba 2017 viwanda vyenye kibali huweza kumuuzia mtalii bila kodi ya pombe wala kodi ya matumizi. Pasipoti iwe yenyewe, picha ya simu haikubaliwi. Usiwatie wageni pupa: kodi ya pombe kwenye chupa ya mililita 720 ni yen 72 hivi, unafuu halisi ni ile asilimia 10 ya matumizi. Kuanzia Novemba 2026 kodi ya matumizi inalipwa kwanza na kurejeshewa wakati wa kuondoka, hivyo chupa zisifunguliwe na risiti zisitupwe.

Mwenye safari ya saa 20 asinunue nama. Inataka friji, na ikikaa kwenye joto huvunda ndani ya siku chache. Achukue iliyopashwa mara mbili, aifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisha nguo nzito pande zote, katikati ya sanduku la kuingia chini ya ndege, kwani kwenye mzigo wa mkono itaachwa kwenye ukaguzi isipokuwa imenunuliwa baada ya lango. Anayepitia Kuwait na kutoka nje ya uwanja asibebe kabisa, pombe ni marufuku huko. Nyumbani chupa isimame, isilazwe kama mvinyo, na ikae gizani. Mwanga wa dirishani huigeuza rangi na harufu upesi. Ikishafunguliwa, imalizwe ndani ya wiki moja au mbili.

Wiki ileile tuma kiwandani barua ya shukrani ya mistari mitano, na utaje swali moja ambalo wageni waliendelea kubishana nalo ndani ya treni. Ambatisha picha ambazo wapishi wenyewe wamo, baada ya kuwaomba ruhusa.